Windows 10 imekatiwa huduma: je, chumba cha gemu cha Wote chaweza kuishi kwa Linux?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kwa wengi wetu hapa Pwani habari hiyo ilipita kama tangazo la redio: mtu aliiona ilani kwenye kioo cha kompyuta ya ofisini, akaifunga, akaendelea na shughuli zake. Lakini kuna watu ambao kompyuta kwao si chombo cha ofisi, ni jiko. Mmoja wao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeoa Ukambani na kufungua chumba cha gemu mjini Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni. Ana kompyuta sita za mezani, zote za mtumba, na PlayStation mbili. Vijana hulipa kwa muda wanaocheza, na kwa shilingi hizo hulipwa kodi ya chumba, stima, na karo ya mtoto wa chekechea.

Aliponipigia simu hakuzunguka. "Mjomba, Windows 11 imezikataa hizi mashine zote sita. Nasikia kuna Linux, tena ya bure. Gemu zinakubali huko, au nitafukuza wateja?"

Swali hilohilo nimeulizwa na kijana mwengine mwenye chumba kama hicho Kwa Vonza, kaunti ya Kitui, karibu na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Naamini Likoni, Mtwapa na Malindi pia wapo wanaojiuliza. Mimi nilisomea stashahada ya kompyuta miaka mingi iliyopita. Gemu si kazi yangu. Ila kwa kuwa siku hizi kuna lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui, na mtu wa Mombasa hana haja tena ya kuzunguka hadi Machakos, nimefika pande zote mbili, nikakaa mbele ya mashine zao na kujaribu moja baada ya nyengine.

Jibu langu ni hili: gemu nyingi zinakubali Linux, tena vizuri. Zinazokataa ni chache, lakini ndizo zinazoleta watu mlangoni. Na zinakataa si kwa sababu Linux imeshindwa kuzibeba, ni kwa sababu wenye gemu wamezinyima ruhusa. Mwenye chumba asipoielewa tofauti hiyo atatupa mashine nzima, au atapoteza wateja bila kujua kwa nini.

Tuanze na zile mashine. Windows 11 inadai kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na ikiwa prosesa ni ya Intel basi iwe, kwa jumla, ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kompyuta za mtumba zinazotufikia kutoka maofisi ya Ulaya, zile zinazopangwa juu ya meza madukani kuanzia Mombasa hadi Mwingi, nyingi ni za kizazi cha nne, cha sita au cha saba. Za mpwa wangu ni za kizazi cha sita. Hazina ubovu wowote. Zinawaka, zinakimbia, zina memori ya kutosha. Zimekataliwa mlangoni tu, kama abiria aliyefika kivukoni na tiketi ya jana.

Windows 10 yenyewe haikuzimika. Inafanya kazi, ila matundu mapya ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwa nyongeza ya mwaka mmoja inayofika Oktoba 2026. Na hapa tusifichane. Katika vyumba vingi vya gemu hiyo Windows haikununuliwa kamwe. Fundi alikuja na flashi, akaiweka, akaifungulia kwa programu ya wizi, akalipwa, akaenda zake. Gemu nazo zilitoka kwenye diski ya fundi huyohuyo. Windows 11 ya nyumbani huuzwa dola 139, yaani kama shilingi 18,000. Zidisha kwa sita na umevuka laki moja kabla hujanunua gemu hata moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, kwa hiyo mwenye chumba akichukuliwa hatua hana pa kujifichia. Na kwa Muislamu kuna hesabu nyengine juu ya hiyo, ya kujua riziki anayowalisha watoto imetoka wapi. Mpwa wangu aliitaja mwenyewe kabla sijafungua mdomo, nikafurahi.

Sasa hiyo Linux ni nini? Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na prosesa, memori na diski, akakiacha wazi kila mtu akisome, akirekebishe na akigawe. Watu duniani wamekuwa wakikijenga tangu wakati huo. Anayetaka kuelewa biashara inayofanyika juu ya kitu cha bure asiende mbali, atazame mabwawa ya mchanga ya Kitui. Jamii inajenga ukuta wa mawe na saruji kwenye mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga hata kiangazi. Maji yale ni ya wote. Lakini mwenye punda akiyachota na kuyafikisha sokoni, anauza mtungi, na hakuna anayemlaumu. Linux ndiyo maji. Kampuni nyingi zinazokula kwa Linux ni wenye punda.

Mojawapo ya matoleo yanayojulikana zaidi, Ubuntu, lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni utu wetu huu huu. Mkamba akisema *mũndũ* na sisi tukisema mtu, mzizi ni mmoja. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba haya ni mambo mageni kwetu.

Kuna jambo ambalo kila nikilisema stendi ya Wote vijana hucheka. Wale wa bodaboda wanaongojea abiria huku vidole vikikimbia kwenye eFootball, Free Fire au Call of Duty za simu, wote wako juu ya Linux tayari. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini kilekile cha Torvalds. Ukihesabu hivyo, karibu kila kijana wa Makueni anayecheza gemu anacheza juu ya Linux, na ananunua vitu ndani ya gemu juu ya Linux. Lakini faida hiyo haihamii kwenye kompyuta, kwani kiini ni msingi tu. Nyumba iliyojengwa juu ya msingi wa Android ina vyumba vyengine na milango myengine, na gemu ya simu haijui kuingia ya kompyuta.

Gemu kubwa za kompyuta ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Zinatoa amri zao kwa lugha ya Windows, khasa ile lugha ya kuchora picha iitwayo DirectX. Kwa miaka mingi njia ya kuzileta Linux ilikuwa moja: kumwomba mwenye gemu aiandike upya. Kampuni moja ya Marekani, Loki Software, ilianzishwa mwaka 1998 na wakili Scott Draeker kwa kazi hiyo hasa. Ililipia haki, ikahamisha gemu kama Civilization: Call to Power, ikaziuza madukani kwenye maboksi. Wanunuzi hawakutosha. Mwaka 2001 iliomba ulinzi wa kufilisika, na Januari 2002 ikafunga. Baada ya hapo wafanyabiashara wengi wa gemu walijifunza kutoitamka Linux kwenye mikutano yao.

Pembeni mwa hayo, tangu mwaka 1993, kulikuwa na mradi uitwao Wine. Jina lisikutishe, si kileo. Wine ni tarjumani. Gemu inasema kwa Kiwindows, Wine inasikia, inageuza, na inaiambia Linux kwa lugha yake. Shida ya tarjumani ni ileile tunayoijua sote kwenye mihadhara: akiwa mzito, mgeni anamaliza kusema na wewe bado unangoja. Wine iliweza programu ndogondogo, lakini gemu nzito zilikuwa zinakwama, picha zinavunjika, sauti inakatika.

Kilichobadilisha mambo ni hofu ya mfanyabiashara mmoja. Kampuni ya Valve ya Marekani ina duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, kubwa kuliko yote kwa upande wa kompyuta, na kwa kawaida huchukua asilimia 30 ya mauzo. Mwaka 2012 Microsoft ilipoleta Windows 8 ikiwa na duka lake ndani, mkuu wa Valve, Gabe Newell, alisema hadharani kwamba Windows hiyo ni balaa kwa watu wa biashara ya kompyuta. Aliona kwamba duka lake limejengwa kwenye shamba la mtu, na mwenye shamba ameanza kuuza bidhaa zilezile. Mwaka 2013 Steam ikafika Linux rasmi. Jaribio la kwanza la kuuza kompyuta za sebuleni zenye mfumo huo, mwaka 2015, lilianguka. Valve haikuondoka. Agosti 2018 ikatoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa nguvu, ikiwa na kipande kiitwacho DXVK kinachogeuza amri za picha za DirectX kuwa za Vulkan, lugha mpya ya picha isiyomilikiwa na kampuni moja. Tarjumani mzito akawa mwepesi. Februari 2022 ikauza Steam Deck, kifaa cha kushika mkononi kinachoendeshwa na Linux, na tangu hapo watengenezaji wa gemu wana sababu ya pesa ya kuhakikisha kazi zao zinapita kwa Proton. Afrika hakiuzwi rasmi, lakini kazi iliyofanywa kwa ajili yake tunaipata bure kwenye kompyuta yoyote.

Sisemi Valve ni waqfu. Ni mwenye punda, tena punda mnene. Ila maji aliyoyafikisha yamefika hata Wote. Oktoba 2025, mwezi uleule Windows 10 ilipokatiwa huduma, hesabu ya Steam yenyewe ilionyesha watumiaji wa Linux wamepita asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni kidogo. Lakini kabla ya Proton walikuwa hawafiki hata asilimia moja.

Kwa hiyo niliweka Linux kwenye kompyuta mbili za mpwa wangu kwanza. Stardew Valley na Terraria, ambazo zina matoleo yao ya Linux, zilifunguka kama zimezaliwa pale. GTA San Andreas, kipenzi cha kila kizazi cha vijana wetu, ilipita kwa tarjumani bila kelele. Pedi ya PlayStation nilichomeka na ikatambuliwa papo hapo, na hapa kuna jambo la kuchekesha: Sony wenyewe waliandika draiva ya pedi ya PlayStation 5 na kuitia ndani ya kiini cha Linux mwaka 2021.

Lakini kizazi cha mashine kina maneno yake hata huku. Vulkan haiungwi mkono sawasawa na picha za ndani za Intel za kizazi cha nne na nyuma yake. Mashine hizo zitafanya kazi za ofisi na gemu nyepesi, basi. Za kizazi cha sita na cha saba ndizo zenye bahati hapa: Windows 11 imezikataa, na Proton inazikubali. Hata hivyo picha za ndani za prosesa si kadi ya grafiksi. Usitarajie gemu za miaka hii zikimbie. Kule Kwa Vonza mwenye chumba aliongeza kadi ndogo za AMD za mtumba, na kwa Linux kadi hizo hazihitaji hata kutafutiwa draiva kwani imo ndani ya mfumo. Ukinunua mashine leo kwa kazi hii, usiulize rangi wala jina la kampuni. Uliza kizazi cha prosesa, kisha uulize kama sanduku lina nafasi ya kadi na umeme wa kuilisha.

Sasa tufike kwenye kidonda.

Siku ya pili pale Wote waliingia vijana wanne na swali moja: "FC iko?" Wanamaanisha gemu ya mpira ya kampuni ya EA, iliyokuwa ikiitwa FIFA. Haikuwako kwenye kompyuta za Linux, na haitakuwako kwa sasa. Tangu FIFA 23, iliyotoka mwaka 2022, EA imeifungia gemu hiyo mlinzi wake mwenyewe wa kuzuia udanganyifu, na mlinzi huyo hataki Linux. Valorant pia haiingii. League of Legends ilikuwa ikichezwa kwa Wine miaka mingi, hadi mwaka 2024 wenyewe walipoiwekea mlinzi wa Valorant. Fortnite haiingii. Apex Legends iliingia, ikakaa, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 EA ikafunga mlango kwa watumiaji wote wa Linux. GTA V ya hadithi inachezeka, lakini ile ya mtandaoni ilifungwa Septemba 2024 ilipowekewa mlinzi aitwaye BattlEye.

Mlinzi huyu ni nani? Gemu za mashindano zina wezi wake: kuna programu za kukulengea shabaha, za kukuonyesha adui nyuma ya ukuta. Ili kuwakamata, kampuni huweka programu inayokaa ndani kabisa ya Windows, kwenye kiini, ikitazama kila kinachopita kwenye memori. Kwenye Windows kiini kimefungwa na Microsoft, kwa hiyo mlinzi anajua amesimama kwenye nyumba ambayo kuta zake hazihamishiki. Kwenye Linux mwenye nyumba anaweza kuhamisha ukuta usiku, kwa sababu kiini ni chake, anaruhusiwa kukibadilisha anavyotaka. Mlinzi anasema: mimi siwezi kulinda nyumba ya namna hii.

Hoja hiyo ina ukweli, na mtu aliyewahi kuchezeana na mwizi wa shabaha hawezi kuidharau. Lakini si ukweli wote. BattlEye hiyohiyo na mwenzake Easy Anti-Cheat walitangaza tangu mwaka 2021 kwamba wanaweza kufanya kazi na Proton ikiwa mwenye gemu atakubali. Wapo waliokubali na gemu zao zinachezwa hadi leo. Rockstar walipoweka BattlEye kwenye GTA hawakuufungua mlango huo. Counter-Strike 2 na Dota 2, gemu mbili za mashindano makubwa kabisa, zina matoleo rasmi ya Linux, kwani ni za Valve mwenyewe. Kwa hiyo ni hesabu ya duka: asilimia 3 ya wateja, gharama ya kuwalinda, tatizo la wezi, na meneja anaamua kwamba haifai. Mimi nisingeamua hivyo, ila nisingemwita mjinga anayeamua.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ruhusa iliyotolewa huweza kurudishwa. Sony iliwahi kuruhusu Linux kwenye PlayStation 3, kisha tarehe 1 Aprili 2010 ikaiondoa kwa sasisho. Rocket League iliuzwa kwa watu wa Linux, na Machi 2020 mwenye gemu akaacha kulihudumia toleo hilo. Apex nimeshaitaja. Mwenye chumba anayejenga biashara yake juu ya gemu moja ya mtandaoni amejenga kwenye kiwanja cha kupanga, hata awe na Windows halali. Battlefield 6 ya mwaka 2025 inadai hata kwenye Windows kwamba mashine iwashe ulinzi maalumu wa kuanzia, na wako wenye mashine nzima kabisa waliojikuta nje.

Kuna suala jengine ambalo sikuona likizungumzwa na yeyote, si Wote si Kitui, nalo halihusiani na Linux pekee. Akaunti ya Steam unayofungua nyumbani, mkataba wake unasema ni kwa matumizi yako binafsi, si ya biashara. Kununua gemu moja na kuichezesha kwa malipo kwa watu mia si halali kwa mkataba huo, hata kama ulilipa bei kamili. Valve ina mpango wa vyumba vya biashara, unaoitwa PC Café, ambao mwenye chumba hujiandikisha na kupewa leseni ya pahala, na wateja huweza kuingia kwa akaunti zao wenyewe. Mpwa wangu alidhani akitoka kwenye Windows ya wizi amemaliza toba. Bado. Nilimwambia ajiandikishe, na gemu asizokuwa na leseni ya kuchezesha azitoe.

Hapo ndipo zile gemu huria zinaponifurahisha, japo wajuzi huzicheka. SuperTuxKart, ya mbio za vigari, haina mtu wa kukudai. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa biashara, kuinakili, kuigawa. Watoto wa shule ya msingi pale Wote wakiwa wanne kwenye kioo kimoja hawaulizi nani alitengeneza. Luanti, ile iliyokuwa ikiitwa Minetest, inafanana na Minecraft kiasi cha kumtosha mtoto. Na 0 A.D., ya vita vya kale na kujenga miji, iliwakamata wanafunzi wa Kwa Vonza kuliko nilivyotarajia. Pesa za gemu hizo ni zako zote, asubuhi na jioni.

Bei ni kikwazo ambacho hakuna mfumo endeshi unaokiondoa. Gemu kubwa mpya ni dola 60 hadi 70, yaani kati ya shilingi 7,700 na 9,000, na Steam inatuuzia Wakenya kwa dola. M-Pesa haimo moja kwa moja, lakini kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, hutatua hilo kwa asiyekuwa na kadi ya benki. Kisha kuna upakuaji. GTA V peke yake huchukua takriban gigabaiti 100, na kwa bando la simu hiyo ni sawa na kuchoma noti. Tangu mwaka 2023 Steam inaruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa chumba kunakiliana gemu bila kupita nje. Unapakua mara moja usiku, kwenye mashine moja, asubuhi tano zilizobaki zinachota kwake kwa waya. Kwa mahali kama Wote huo ni msaada mkubwa kuliko bei yoyote ya punguzo, na unafanya kazi kwenye Linux sawasawa na kwenye Windows.

Waliamua nini? Yule wa Kwa Vonza amehamisha mashine zake zote. Wateja wake ni wanafunzi, wanapenda Counter-Strike na Dota, nao wana akaunti zao. Waliouliza Valorant walikuwa wawili na wamezoea. Mpwa wangu mambo yake ni magumu zaidi. Wote inataka mpira. Amehamisha kompyuta zote sita, mpira ameuacha kwenye zile PlayStation mbili, na foleni ya PlayStation sasa inafika nje ya mlango huku kompyuta mbili au tatu zikikaa bila mtu siku za kazi. Anafikiria kuuza moja na kununua PlayStation 4 ya tatu, ya mtumba. Asubuhi kompyuta zinazokaa bure anazitumia kwa kuchapa barua na kujazia watu fomu za serikali, kazi ambayo Linux inaifanya bila wasiwasi.

Wewe unayefikiria kumfuata, usianze kwa kufuta Windows. Andika kwanza gemu ambazo wateja wako hulipia hasa, si unazozipenda wewe. Nenda kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako watumiaji huandika kila gemu inavyokwenda kwenye Linux, na ile ya Are We Anti-Cheat Yet, inayoonyesha ni walinzi gani wamekubali na gani wamekataa. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo ijaribu hivyo kuona kama sauti, pedi na mtandao vinatambuliwa. Na ukinunua gemu ikakataa kufunguka, Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa hujaicheza zaidi ya dakika 120. Mpwa wangu ameshaitumia nafasi hiyo mara mbili, na pesa zilirudi zote.